Migomba Niliyoificha Nyuma ya Jiko

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nimesimama katika kibanja changu, shamba langu la migomba, kule Songambele, panga mkononi, nikitazama huku na huku kama mwizi. Nilikuwa nimekata mkungu, na ndizi zake changa zilikuwa nyeusi ndani, shina likitoa utomvu wa njano. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa mnyauko, ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza migomba yetu.

Sikuwa nimetimiza hata miaka thelathini na mitano, na tayari nilikuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa wakulima wa migomba. Walinichagua mwaka wa neema, mikungu inainama mpaka inagusa ardhi. Nani asiyeweza kuongoza watu walioshiba? Mnyauko ulipoingia tulisema utapita na msimu. Msimu ukapita, wenyewe ukabaki, ukaingia wa pili na wa tatu. Basi tukakubaliana mkutanoni: ukiona mgomba unaumwa, ng'oa shina zima, fukia, na panga lipite kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine. Wa kusimamia hayo nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nilikwenda kwa Mukamana, mama ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, mwenye kakipande kadogo ka shamba na watoto wanne. Migomba yake ilikuwa imeugua, nikamwambia ang'oe.

"Mwenyekiti, hiki ndicho chakula cha wanangu," alisema.

Nikamjibu kwamba makubaliano ni makubaliano. Aling'oa yote, mimi nimesimama pembeni nimekunja mikono.

Sasa ugonjwa umepiga hodi kwangu, nikafanya nini? Nilifukia ule mkungu, nikakata majani yaliyonyauka, nikaiacha migomba iliyougua imesimama nyuma ya jiko ambako mgeni hafiki. Nilijiambia, watu wakijua mwenyekiti naye kapatwa, watakata tamaa na umoja utakufa. Loo, mwanangu, woga unajua kuvaa nguo za busara! Nikaacha hata kuitisha mikutano. Leo nina mafua, kesho nina mgonjwa wa kumwangalia hospitali ya Nyakahanga. Miezi miwili ikapita hivyo, na kila mwanachama akabaki kwake akihangaika peke yake.

Katibu wetu alikuwa mzee Byarugaba. Sote tulimwita Ta, kama tunavyowaita baba zetu huku. Siku moja alikuja kunijulia hali, na kwa kuwa magoti yalimuuma, akapita njia fupi ya nyuma. Nilimkuta ameegemea fimbo, anaitazama migomba yangu.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Binti yangu, anayeumwa ni mgomba au ni wewe?"

Nililia. Nikamwambia, "Ta, niwaitie nini mkutanoni? Wanataka dawa, na dawa sina."

"Nani kakuomba dawa? Kila mtu anajua mnyauko hauna dawa. Wanachotaka kujua ni kama bado uko nao." Kisha akasema kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe umeficha ya kijiji kizima, maana nyuki wanaoubeba ugonjwa huu hawajui mpaka wa kibanja chako."

Niliitisha mkutano, na Jumamosi nilisimama mbele ya wanachama nikasema yote. Nikaweka muhuri wa umoja mezani, wampe wanayemtaka. Mzee mmoja akasema niondoke. Ndipo akasimama Mukamana.

"Mimi nilimchukia mama huyu," alisema. "Si kwa kuniambia ning'oe. Alisimama kwangu kama mtu asiyeweza kupatwa. Leo ndiyo kwanza namwona ni mtu." Kisha akageukia wenzake. "Lakini migomba ile isibaki mpaka kesho. Nani ana jembe?"

Wakaja kibanjani kwangu na majembe. Nilipoanza kuzubaa kwa uchungu, Mukamana alinigusa bega: "Usikunje mikono leo, dada." Tuling'oa mpaka viganja vyangu vikatoka malengelenge.

Usidhani shida iliishia hapo. Tulikula mihogo na viazi misimu mingi baadaye, na wapo waliojitoa wasirudi tena. Lakini kila Jumamosi tulikutana, hata siku ambazo hapakuwa na habari mpya, tukaambiana ukweli: kwa nani mnyauko umeingia, kwa nani bado haujafika. Machipukizi safi ya kupanda upya yalipopatikana, wanachama walisema aanze Mukamana. Mimi nilipata mwisho kabisa, na nikaona ni haki.

Sasa nasikia wewe umechaguliwa kuongoza wakulima wenzako wa kahawa huko Mabira, na mambo ni magumu, na watu wanaanza kutoka. Usiwakimbie kwa sababu huna jibu. Itisha mkutano, sema unalolijua, kisha sema usilolijua. Sheria unayompa mwenzako ianze mlangoni kwako. Na ukimwambia mtu apoteze kitu, shika naye kazi ile, usimsimamie kama bwana shamba. Ukikosea, wahi kusema mwenyewe kabla hujasemewa.

Mungu akupe ulimi usioona haya kukiri, akupe na wazee wa kukuambia kweli siku ambayo hutaki kuisikia. Watu wako wakae pamoja, na wewe ukae kati yao. Nenda salama, mwanangu.