Kisima Kilichokula Mahari Yangu

Mtambo ukisaga mwamba mkavu hulia kama mtu anayesaga meno usingizini. Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi.

Baba aliuza ng'ombe wa mahari yangu ili tuchimbe kisima hapa kwetu Butiama.

Mita tisini. Vumbi tupu.

"Mzee, sisi tunalipwa kwa mita, siyo kwa maji," fundi akasema.

Baba akatazama zizini. Walibaki wawili.

"Chimba tu. Nitauza na hao."

Mama akanong'ona, lakini sote tulisikia: "Baba Neema, ndoa ikimshinda mtoto, tutarudisha nini?"

"Sikuzaa mtoto wa kurudi."

Jamani, Neema ndiye mimi. Harusi ni Jumamosi.

Ninyi mngefanyaje? Mimi wale wawili nimeshawaswaga hadi kwa mjomba.