Picha Niliyomtumia Shemeji

Kosa ni langu. Sikuibiwa simu wala sikulazimishwa. Nilituma picha kwa kidole changu mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Dada yangu aliolewa Nyamuswa. Mumewe alipomvunja mkono, dada alitoroka na mwanawe wa miaka minne. Nikamficha Bukima, kwa mama mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yetu. Hata mke wangu sikumwambia.

Shemeji akaanza kunipigia simu huku Musoma, dukani kwangu. Hakugomba. Alilia.

"Shemeji, kosa nimelikubali. Sitaki hata kujua wako wapi. Huyo mtoto nilikuwaga nalala naye kifuani. Nipe picha tu niisafishe, niweke ukutani."

Nikalainika. Tena niseme ukweli unaoniuma: ng'ombe aliowatoa kumwoa dada ndio niliowatoa mimi nikaoa. Kwetu hilo halisahauliki. Yule mwanaume akiongea, nilikuwa nashindwa kumjibu kwa ukali.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Bukima. Nikamsimamisha mtoto mbele ya ukuta mtupu, ziwa lisionekane, hata mti usionekane. Nikajiona mjanja kweli! Dada akauliza picha ni ya nini. Nikamwambia ni ya kwangu.

Nilipoituma, shemeji akanipigia. "Hii imekuja na ukungu, studio wataikataa. Itume kama dokumenti, shemeji yangu."

Nikaituma. Akaniombea baraka kwa Mungu.

Siku ya nne, dada akiwa ufukweni anaanika dagaa, shemeji alifika na bodaboda mpaka mlangoni bila kumuuliza mtu njia. Akambeba mtoto, akaondoka.

Fundi simu wa hapa mjini ndiye aliyenieleza. Kamera yangu ilikuwa imewashwa lokesheni, na kila picha ilibeba ndani yake maelezo ya mahali ilipopigwa. Ile ya kwanza, mtandao niliotumia uliyafuta hayo. Ukituma kama dokumenti, yanakwenda yote, na ramani inamfikisha mtu hadi uani. Shemeji alilijua hilo tangu mwanzo. Yale machozi yote, jamani! Na mimi nilikuwa namwonea huruma.

Dada alimfuata mwanawe siku ileile. Mpaka leo yuko kwa mwanaume aliyemvunja mkono.

Nilikwenda kumwona. Alinipokea kama mgeni, akanipa kiti na maji ya kunywa. Mumewe alipotoka nje nikamnong'oneza kwamba nitamtafutia pengine.

"Kaka," akasema taratibu, "utanificha wapi wewe?"

Nikaaga.

Kwa hiyo wewe uliyemficha mtu, zima lokesheni ya kamera leo, na picha za zamani usizitume hovyo. Akija anayelia kwamba anataka picha tu, mnyime. Mwache alie, machozi yake hayatamuua. Mimi kila simu ikiita kutoka Nyamuswa, naogopa kuipokea.