Mtoto Aliyebaki Kamuli

Vitabu vya namna hii huniudhi. Nimemaliza kusoma utafiti wa msomi aliyefuatilia jinsi riwaya moja maarufu ya mazimwi ilivyoandikwa, rasimu baada ya rasimu, hadi maneno yaliyokatwa kwa wino. Mwandishi wa riwaya hiyo alitunziwa kila karatasi. Rasimu zangu alizikuta mama.

Kwetu Rugera mgeni haondoki bila kahawa ya kutafuna, buni zilizokaushwa, na mama huifunga kwenye karatasi. Nilikuwa nimehamia Kayanga, riwaya yangu ya mazimwi imeshachapishwa, naye akaona makaratasi yale ya rasimu yamemaliza kazi, akayafungia kahawa. Ningemgombezaje? Alikuwa anakirimu watu.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kunitembelea kutoka Kamuli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Yule mtoto aliyemezwa na ziwa, alitoka?"

Alikuwa amesoma karatasi ya kahawa aliyofungiwa na mama. Katika kitabu changu hamna mtoto wala ziwa. Nilimwomba karatasi ile, akasema aliitumia kuwashia moto.

"Sasa alitoka?"

Aliyemtumbukiza mtoto yule ni mimi, na njia ya kumtoa siikumbuki.