Kamba Niliyoifunga Fupi

Mwaka jana, mchana kweupe, nilimfunga shoga yangu Biasha kwenye mti kwa khanga mbili, maji yakimpanda kifuani. Yeye analia, mie nakaza fundo.

Kabla hujanitukana, soma mpaka chini. Ukifika huko, nitukane vizuri, na sababu utakuwa nayo.

Naitwa Mwanabaraka. Nina miaka sitini na saba na meno ya kutosha kumtafuna mtu akinichokoza. Nakaa Mtunda, Kibiti. Darasa la saba nilimaliza, na habari hiyo nimeitangaza kijiji kizima, hata kwa wasioniuliza.

Pale shule ya msingi, Jumanne na Alhamisi saa tisa, watoto wakishatoka, tunaingia sisi. Darasa la wazee.

Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu Zawadi anatufundisha kusoma, kupima presha, kutumia hizi simu za kupapasa. Mara mojamoja anatupeleka ziara.

Mzee Mfaume yeye huja kulala. Ukimwamsha anakwambia, "Niache, nafanya hesabu ya kichwa."

Biasha alikuja hajui hata herufi moja. Mzaliwa wa Ngarambe, kule kwa tembo, akaolewa huku kwetu, akazeeka huku kwetu. Alishika kalamu ya kwanza ana miaka sitini na tisa.

Nyie! Mwaka haukuisha, anasoma mpaka gazeti lililofungiwa maandazi. Anayaacha maandazi yapoe, anasoma bei ya saruji kwa sauti.

Siku moja akanishika mkono. "Mwenzangu, kumbe haya maneno yalikuwepo siku zote? Nilikuwa nayapita tu kama mbuzi apitavyo bango?"

Mie nikacheka. Nikaenda nyuma ya choo cha shule nikalia.

Mwalimu alipouliza ziara inayofuata iwe wapi, Biasha alinyoosha mkono kabla ya wote. "Baharini. Nimezeeka hapa jirani yake, sijaiona."

Abbasi, mwanawe mkubwa, hakutaka. Alikuja kwangu kabisa.

"Bi Mwanabaraka, mama ana goti. Kule ni tope na maji."

"Goti lake nitalibeba mie."

"Sitanii, bibi."

"Wala mie sitanii. Mama yako ataondoka na mie, atarudi na mie."

Akakubali kwa shingo upande.

Tukaenda. Gari mpaka Nyamisati, pale tukapanda boti ya mbao yenye injini. Nahodha anaitwa Nurdini, kijana wa visiwani, mpole, maneno anayatoa kwa kijiko. Tukapita katikati ya mikoko, mpaka mahali ambapo mbele hakuna tena miti. Maji tu, mpaka mbinguni.

Biasha alitazama, akatazama. Kisha akasema, "Hivi mwisho wake nani anaujua?"

 Hata Mfaume alikuwa macho.

Saa tano kasoro tukageuza, tukaingia kijito kimoja kwenye kisiwa. Maji yalikuwa yamekupwa, matope yako wazi, kaa wanakimbia upande. Mpango ulikuwa wenzetu watembee kwa miguu hadi kijijini, upande wa pili wa kisiwa, wakaone miche ya mikoko inavyopandwa. Goti la Biasha halikuweza. Nikasema nitabaki naye.

Nurdini akaifunga boti kwenye mkoko kwa kamba ndefu, imelegea, imelala topeni kama nyoka aliyeshiba.

"Bibi zangu, leo bamvu, maji yatajaa sana. Yakianza kupanda, ingieni botini mkae. Itapanda nayo. Saa tisa nakuja na mtumbwi wa kijijini, niwachukue na boti niizungushe upande wa pili."

Kuhusu kamba hakusema kitu. Kwake yeye lilikuwa jambo la wazi, kama kumwambia mtu asisahau kupumua.

Wakaondoka. Mie nikaitazama ile kamba. Ikaniudhi.

Sasa elewa. Mie mtoto wa bondeni. Rufiji nimeivuka kwa mtumbwi tangu sijaota meno ya ukubwani. Mto wetu ukijaa, unajaa kwa siku nyingi, unyayo leo, unyayo kesho. Mtumbwi kwetu unafungwa kwa kamba fupi, chini, ubavuni mwa ukingo, mkondo usije ukauvuta. Ukiufunga kwa kamba ndefu, watu wanakuuliza kama umekunywa.

"Hawa vijana," nikasema, "hata kufunga chombo hawajui. Boti itazurura hii."

Nikashuka topeni. Nikaivuta boti mpaka pua yake ikagusa mizizi. Nikaifunga fupi, chini kabisa, kwenye mzizi mnene. Mafundo matatu.

Biasha alikuwa ameketi juu ya mkeka, penye mchanga mkavu, ananitazama. Hakusema neno.

Tukala mihogo. Tukasema watu. Upepo wa pale mtamu, na tulikuwa tumeamka alfajiri sana.

Tukalala.

Kilichoniamsha ni maji mgongoni.

Mkeka ulikuwa unaelea. Nikageuka kutazama boti. Wee! Nyuma imepanda juu, pua imezama. Kamba ilikuwa imeishika pua chini, na maji yanapanda, nayo yanaingia kwa mbele kama mtu anayemimina ndoo.

Nikakimbia. Yaani nilidhani nakimbia, kumbe tope limenishika hadi magotini. Nilipofika, mafundo yangu yalikuwa chini ya maji, yamekazika kama ngumi ya bahili. Nikavuta. Nikang'ata. Kucha mbili ziling'oka. Kisu hatuna.

Boti ikalala upande, ikajaa, injini ikaivuta. Ikakaa chini.

Kikapu changu chenye simu kilikuwa humo. Simu ya Biasha ilikuwa kifuani kwake. Tukampigia mwalimu. Hapatikani. Tukampigia tena, hapatikani. Nurdini, hapatikani. Yule dada wa kwenye simu ana sauti nzuri, lakini siku ile nilimchukia.

"Saa ngapi?" nikauliza.

Biasha akasoma kioo cha simu. Kusoma saa alijifunza darasani. "Saa saba na dakika ishirini."

Saa tisa iko mbali. Maji yako magotini.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu, nakwambia. Mikoko haijibu. Ndege mmoja aliruka, basi.

Biasha akajaribu kusogea, mguu wenye goti bovu ukagoma topeni. Nikamchimbua kwa mikono. Nikimtoa mguu mmoja, wa pili umezama.

"Mwanabaraka, nenda weye. Weye una miguu."

"Niende wapi? Pande zote maji."

"Panda juu ya mti."

"Tutapanda wote, au tutabaki wote. Usinichoshe."

Nilimfikisha kwenye mkoko mkubwa, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Maji yako kiunoni. Nikamwinua. Hainuki. Mtu mfupi yule, lakini Mungu alimjalia uzito nyuma. Nikaingiza bega chini ya makalio yake, nikasukuma.

"Biasha, tukitoka hapa, ubwabwa upunguze!"

Alicheka huku analia. Akapanda mzizi wa kwanza. Akapanda wa pili.

Hapo nguvu zikaisha. Zake na zangu. Mkondo ulikuwa unavuta, mikono yake inateleza. Ndipo nilipovua khanga yangu, nikachukua na yake, nikamfunga kwenye shina.

Maji yakapanda. Yeye yako kifuani. Mie niliyesimama chini yake, yako shingoni.

Biasha akaanza kutoa shahada. Nami nikaitikia. Nilikuwa nimemwambia Abbasi atarudi na mie. Nikamwona Abbasi anafunua sanda.

Hapo ulimi ukanifunguka.

"Biasha, kamba niliifunga mie. Nurdini aliiacha ndefu. Mie ndiye niliyeifupisha. Nimekuua."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukusema kitu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilidhani unajua. Weye si ndiye uliyesoma?"

Jamani. Nimetukanwa sana katika maisha haya, mengine nimeyatafuta mwenyewe. Hakuna lililoniingia kama lile.

Kisha akatazama juu yangu, kwenye miti ya ng'ambo ya kijito.

"Mwenzangu, geuza shingo. Unaona yale majani?"

"Naona majani. Nataka boti, yeye ananionyesha majani."

"Chini yana tope, juu ni safi. Mstari umenyooka miti yote. Si kama ule ukutani kwako, mwaka wa mafuriko?"

Nikatazama. Kweli. Mstari, kana kwamba mtu amepiga rula.

"Tope lenyewe bichi," akasema. "Ni la jana au leo asubuhi. Maji yanaishia pale."

Nikapima kwa macho. Mstari ulikuwa kwenye kidevu chake. Kwangu mie, ulikuwa juu ya kichwa.

"Panda," akasema.

"Siwezi, mikono imekufa."

"Mwanabaraka, panda! Shika mguu wangu, shika hata hilo goti. Livute!"

Nikalishika goti bovu, nikavuta. Alipiga ukelele ambao hata sasa nausikia nikichota maji. Lakini hakuniachia. Nikapanda mzizi mmoja. Akanishika nywele, akavuta. Nikapanda wa pili. Nikakumbatia shina na yeye akiwa katikati, kama tunacheza ngoma ya harusi.

Maji yakafika bega. Yakafika shingo. Yakagusa kidevu cha Biasha, akainua uso juu, anapumulia puani.

Yakasimama.

Sikuamini. Nilisubiri yapande tena. Kijiti kimoja kilikuwa kinaelea mbele yangu, hakiendi huku wala kule. Kimesimama tu.

Nurdini alitukuta hivyo. Alikuja anapiga kasia kama mwehu, maana tangu mbali aliona mikoko, boti haoni. Alitutoa mmoja mmoja. Maji yalipokupwa, vijana wa kisiwani wakaja kuiibua boti. Nurdini akainama, akalikata lile fundo. Akaligeuza mkononi. Akanitazama.

Mie nikatazama kaa.

Tulifika Nyamisati usiku umeshaingia. Abbasi alikuwa amekuja na bodaboda, habari zilishamfikia. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Nurdini, akamkwida shati.

"Unawaacha vikongwe kwenye maji? Wewe ni mtu wewe?"

Watu wakajaa. Mmoja akaokota ubao. Mwingine anasema apelekwe kituoni, mwingine anasema cha nini, tumalizane naye hapa hapa. Mwalimu Zawadi amesimama katikati, amenyoosha mikono, analia.

Nurdini ameachia mikono chini. Ananitazama mie.

Mie, Mwanabaraka, niliyemsema mpaka imamu. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ndipo Biasha, amefunikwa blanketi, akasema kwa sauti iliyopauka:

"Mwacheni. Kamba nilifunga mie. Aliiacha ndefu, mie nikaifupisha. Mshamba wa bahari mie."

Abbasi akaachia shati. Akamgeukia mama yake, na aibu imemjaa usoni.

"Basi, mama. Darasa limekwisha. Huendi tena mahali."

Miezi saba sasa. Biasha yuko barazani kwa mwanawe, anachambua mchele. Daftari lake Abbasi amelifungia kabatini. Si mkorofi, anamwogopea mama yake. Lakini juzi nilimkuta Biasha ameshika kipande cha gazeti, anakisoma kimya kimya, na mlango ulipolia akakisukuma chini ya mkeka, kama mwizi.

Nikamuuliza. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nurdini angeuawa."

"Mie ningesema."

Akachambua mchele kidogo. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Nilisubiri useme, mwenzangu. Nilihesabu mpaka kumi, kama mwalimu alivyotufundisha. Nikahesabu tena. Nakufahamu weye."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningelala.

Basi nimeandika haya mwenyewe, kwa kidole kimoja, siku nne. Nyie mnaosoma, mkitaka funzo, ni hili: ukifika kwenye maji ya watu, uliza kabla hujagusa kamba. Aliyesoma jambo moja asijifanye anayajua yote, maana kuna anayemwamini. Na kosa lako usimwachie mwenzio alibebe, hasa mwenzio mwenye goti bovu.

Nurdini, mwanangu, nisamehe. Ulinitazama mara mbili, na mara zote mbili nilikuelewa.

Abbasi, najua huwa unapita huku mtandaoni. Mama yako hakugusa kamba. Niliifunga mie, mafundo matatu, kwa mikono hii hii. Yeye ndiye aliyesoma majani, tukatoka wazima. Alhamisi saa nane nitakuwa mlangoni kwako. Mbele za watu wote nitalisema hili kwa mdomo. Ukitaka kumkataza mtu darasa, nikataze mie.

Yeye mpe daftari lake.