Ngamia wa Deeq

"Hooyo, kwa nini uliuza ngamia yangu, si ya Deeq?"

Nilimuuliza mama hivyo nikiwa darasa la nne. Alikuwa anasuuza jerikeni za maziwa nyuma ya nyumba, hapa Garissa. Alinitazama, akaendelea kusuuza.

Mama yangu, Kaltun, huuza maziwa ya ngamia sokoni. Kwao Balambala, mtoto akizaliwa hufungiwa ngamia jike, na kila ndama wa huyo ngamia ni wa mtoto. Babu ndiye anawachunga. Wangu alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe puani. Kisha akazaliwa Deeq, midomo ya bluu, akinyonya kidogo tu anatoka jasho. Nairobi madaktari walisema mishipa minne inayorudisha damu kutoka mapafuni imepotea njia, lazima apasuliwe. Mama akauza ngamia wangu.

Aliporudi na Deeq mzima, aliwaeleza wenzake sokoni kwa namna yake.

"Ngamia wanne wametoka malishoni wameshiba. Badala ya kuingia zizi lao, kushoto mwa moyo, wanaingia la jirani, kulia. Wengine huzungukia juu ya moyo, kama wa Deeq. Wengine huingilia hapo hapo moyoni. Wengine hushuka mpaka kwa ini. Hao ndio wabaya, njia huziba, na mtoto hawezi kungoja."

"Na wakiachana?" aliuliza Timiro, anayeuza maziwa kando yake.

"Hiyo pia iko. Mmoja juu, mwingine chini. Umewahi kuona ngamia asiye mkaidi?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Deeq ndiye alikunywa maziwa ya kwanza, Deeq hakubeba maji, na wageni wakija anafunua kifua waone kovu. Tukienda Balambala niliwakagua ngamia wa babu mmoja mmoja nikimtafuta wa Deeq, nipate kumchukia.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi Mwalimu Gacheri alichora moyo ubaoni, nikanyoosha mkono, nikaeleza zile aina zote. Darasa zima likanigeukia. Nikafurahi, wallahi. Halafu Bilan, jirani yangu wa dawati, akasema, "Kumbe wewe ndiye dada ya yule mtoto wa moyo." Hata jibu langu likawa la Deeq.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Deeq, miaka saba, alikuwa anakunywa maziwa mlangoni.

"Kunywa tu," nikamwambia. "Ulishakunywa ngamia yangu mzima."

Akafuta povu mdomoni. "Na yangu ni gani?"

"Muulize hooyo."

Mama alitusikia. Akamtuma Deeq dukani kwa sukari, akangoja avuke barabara. Kisha akaweka jerikeni chini.

"Deeq hana ngamia. Siku ya kumfungia, babu yako alisimama na kamba mkononi, akaniuliza, 'Nimfungie yupi?' Nilimtazama mtoto, amekuwa bluu mpaka kucha. Nikamwambia babu asubiri kwanza. Wewe, Ruweyda, tulikufungia siku ile ile uliyozaliwa. Hakuna aliyeniuliza kama utaishi."