Maji Ndani ya Tangi

Gari la marehemu baba lilikuwa na maradhi mengi, na yote niliyajua. Asubuhi lilitaka kuzungushwa hendeli mpaka bega liteguke. Breki zilishika kushoto kabla ya kulia. Mlango wa abiria niliufunga kwa kamba ya usumba, na wakubwa wa bandari ya Kilindini waliponiuliza kwa nini, niliwajibu kwamba ni vita, maana miaka ile kila kilichokosekana kilisingiziwa vita. Vipuri havikupatikana, na petroli ilitolewa kwa kipimo. Ulitengeneza kwa ulichonacho, na usichokuwa nacho ukamwomba Mungu.

Baba alipofariki, gari lilishikwa na ami yangu, mdogo wake baba, mtu wa kusali safu ya mbele na kusema kwa sauti ya chini. Lilikuwa teksi, mimi naendesha, yeye apokea mapato. Alinambia mbele ya mama, wala mimi sikuomba:

"Gari ni la babako, na litarudi kwako. Lakini kwanza nataka niuone uaminifu wako. Uaminifu ndiyo leseni."

Kwetu ahadi ya ami haiandikwi. Nikashika usukani kwa adabu, nikangoja.

Kaskazi ilipokolea, gari likaanza kukohoa. Lilikuwa likitoka stesheni na abiria vizuri, kisha likatikisika, likapoteza nguvu, likafa katikati ya njia, na wenye mikokoteni wa soko la Marikiti wakanipigia kelele kama kwamba nimelala pale kwa makusudi. Nikafungua plagi nikazisugua. Moto ulikuwa wa buluu, mzuri. Nikashuku koili. Lakini koili mbovu hufa ikishapata joto, na hili lilikuwa likifa asubuhi, mchana likapona. Basi si umeme, nikajiambia, ni petroli. Nikafungua kabureta, nikalishusha lile bakuli lake dogo. Chini ya petroli yamekaa matone ya maji, yanaviringika peke yao, yana umanjano kidogo.

Umanjano ule ndio ulionipoteza. Nilisema ni kutu. Nikalishusha tangi, nikalisuuza, nikalianika juani mpaka halishikiki kwa mkono. Gari likaenda kama enzi za baba. Nilipita mtaa wa Ndia Kuu nikipiga honi pasipo na haja ya kupiga honi. Halafu Ijumaa ikafika, likakohoa tena.

Nikaanza kuona kwamba Ijumaa ndiyo siku yake. Siku ya kujaza petroli ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nikamshuku muuzaji, nikamwendea ami na lile bakuli la kabureta kiganjani, nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua jambo.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mai, ami. Nadhani wauzaji watia mai katika petroli."

"Wao watia mai," akasema, akaniangalia. "Na gari za wenzako za petroli ile ile, mbona hazikohoi?"

Na hapo ndipo nilipoona macho yake yamebadilika. Mji mzima uliijua hila ya madereva wa wakati ule: hufyonza petroli kwa mpira, huiuza, na pengo hulijaza maji. Ami hakulitaja neno hilo. Alikuwa mstaarabu mno kulitaja.

Alhamisi iliyofuata alinunua petroli mwenyewe. Akaimimina kwanza katika chupa, akaiinua juani, akanionyesha: safi, hakuna tone la maji. Akaitia tangini kwa mkono wake, akafunga kifuniko, akakifuta kwa leso yake.

"Litalala kwenu kama kawaida," akasema. "Kesho tutaona."

Nililala vizuri, kwa kuwa nilijua nitatakasika. Gari lililala chini ya dirisha la mama. Alfajiri nikaenda msikitini, nikasali bega kwa bega na ami, tukarudi pamoja, nikazungusha hendeli. Hatukumaliza mtaa. Likatikisika, likafa, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe, nikafungua kabureta mbele yake. Maji ya manjano.

Bora angenipiga. Alinyosha kiganja tu, nikaweka ufunguo.

"Babako hakuwa hivi," akasema, akashika njia kwenda kwake.

Kabla ya Laasiri barza yote ya wazee wa mtaa ilikuwa imejua. Hawakunitukana, watu wetu hawana utovu huo wa adabu. Waliniuliza habari za nyumbani, wakanikaribisha kahawa, na mazungumzo yakasita mpaka nilipoondoka. Gari likauzwa kwa mfanyabiashara wa ndizi wa Marikiti. Nami nikaingia kubeba magunia bandarini, mimi niliyekuwa nikiwafungulia watu mlango, hata kama ni wa kamba.

Nilirudi siku moja jioni mgongo umekufa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na sahani nyeupe mapajani. Mwalimu wa Kurani alikuwa amemwandikia kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, ili zioshwe na mgonjwa anywe yale maji. Mama akazimiminia marashi na maji, akazungusha taratibu, na maandishi yakayeyuka.

"Nywa, mwanangu. Watu wana kijicho. Gari lile nalo ni kijicho kilicholiua, jinsi walivyokuwa wakikuangalia ukipita. Kila Ijumaa nilikuwa nikilinywesha kombe, halikupona."

Nikayatazama maji yale. Umanjano ule ule.

"Ulilinyweshaje, mama?"

"Kwani kinywa chake ki wapi? Si pale mtiapo petroli? Mkishakwenda kusali, nami hutoka nde na buibui langu, nikalitilia kombe, nikalisomea. Na kila ulipokuya ukisema limezidi, nami nikazidisha."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu wa mtu asiyetaka kusifiwa. Nilimkasirikia. Namwomba Mungu msamaha, lakini nilimkasirikia mama yangu hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa adui. Nilitaka kuichukua sahani ile niende nayo mbio mpaka barzani, niwaambie watu tazameni, nuseni, huyu hapa mwizi wa petroli. Ningetakasika kabla ya Isha. Na mama angechekwa na mji mzima mpaka siku ya kuzikwa kwake, na kila akiniona nimeinama mgongo angejua ni nani aliyeuinamisha.

Nikaketi. Sahani nikaiacha mapajani mwake.

Basi hapo hapo tukasikia honi upande wa Ndia Kuu. Niliijua, ilikuwa na mkwaruzo mwishoni tangu enzi za baba. Gari lilipita na mzigo wake wa ndizi, injini yake ikivuma sawasawa, bila kikohozi hata kimoja. Lilikuwa likipita hivyo mbele ya barza kila siku tangu liuzwe, na kila likipita, wazee wa barza walitikisa vichwa. Mmoja alikwisha kusema nikiwa nasikia: "Mwaona? Limeingia mikono ya halali, limetulia." Gari nililolilea mimi ndilo likawa shahidi wa ami. Kila lilipokwenda vizuri lilinitia hatiani upya, na mtu huwezi kuliombea gari la baba yako liharibike, ingawa niliomba.

Mama alikuwa ameinua uso, mara yake ya kwanza kulisikia tangu liuzwe, anasikiliza mpaka mvumo ulipopotea.

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yalimlenga. "Wasikia? Limepona. Dua haipotei, mwanangu. Hukawia tu."

Akaninyoshea sahani. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.