Mama Mkwe na Ndege wa Bwawa la Katubuka

Mama mkwe alikuja Kigoma kwa treni kutoka Dodoma kumwona mjukuu. Mjukuu alilala mchana kutwa, na mimi, kwa desturi zetu, siwezi hata kuketi na mkwe jamvi moja. Tulikuwa tukisalimiana huku ukuta ukiwa katikati. Mke wangu akachoka. Akaniambia nimpeleke mama yake akatazame ndege Katubuka, maana ilikuwa Machi na ndege wageni kutoka kaskazini walikuwa karibu kurudi kwao.

Asubuhi tuliondoka kwa bajaji, yeye nyuma, mimi nimebanana na dereva. Kila alichotaka kuniambia, alimwambia dereva.

Ukingoni mwa bwawa tulimkuta mkulima mmoja, Mama Zuhura, akimwagilia mchicha. Alitukaribisha, akatuonya tusiyasogelee matete kwa sababu ya tope. Bata maji walijaa. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa majini, walikimbia ukingoni kama watu waliochelewa kazini. Mama mkwe alitazama mpaka akasahau kuwa nipo.

Kisha akaona kitu cheupe kwenye matete. "Ndege mwari yule," akasema.

Mimi niliona kiroba cha mbolea. Lakini mkwe habishiwi. Akakifuata, nami nikamfuata kwa adabu. Alipokaribia kabisa kiroba chake, akazama hadi magotini.

Mama Zuhura akapaza sauti kutoka bustanini kwamba nimshike mkono.

"Huyu ni mkwe wangu," mama mkwe akamjibu. "Hanishiki."

"Haya mama, basi utalala na vyura."

Alifikiri. Tope nalo likapanda. Mwishowe akafungua kanga ya juu, akanirushia pindo moja. Nikavuta, hakutoka. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Akachomoka ghafla, nami nikaanguka chali majini, na bwawa zima likaruka: bata, yangeyange, vitwitwi, wote. Nilipofuta macho, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye nyasi, kiatu kimoja hakipo, anacheka mpaka machozi.

Wakati wa kurudi dereva alikataa kukaa na tope langu. Tukakaa nyuma wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake, kanga katikati.

Nyumbani alimwambia binti yake, nami niko palepale: "Mwambie mumeo kesho tutoke mapema, kabla ndege hawajasikia kuwa anakuja."

Nilijifunza kwamba kanga ikivutwa kwa heshima haichaniki. Mengine nilijifunza alfajiri, mlango wetu ulipogongwa.

"Mkwe," sauti ikaniita mimi mwenyewe, "amka twende."